Koti Lisilofuliwa

Cheka. Cheka mpaka nilione na gego lako bovu, Yovana. Umenipa kiti chenye miguu yote minne, umenipa chai, nashukuru. Lakini kicheko chako nilikisikia tangu uani, na nimeiona ile diski uliyoiweka juu ya televisheni, yenye picha ya mtu wa koti na macho yaliyopakwa wekundu. Umewaita majirani waje baada ya chakula cha mchana, umeshakaanga na mahindi ya kutafuna, na mimi nikikwambia usiiwashe unanijibu, "Bibi Casilda, hayo ni mambo ya wazee wa milimani." Mambo ya wazee! Wewe uliyelala na taa wiki nzima kwa sababu bundi alitua juu ya choo chako. Padri naye hasadiki, anasema ni ushirikina. Mwalimu hasadiki, anasema ni mishipa ya kichwa. Hakuna kati yao aliyewahi kumfunga mwanamume mzima kamba kiunoni kama mbuzi ili apate kumlisha supu. Kwa hiyo kunja mikono usikilize. Ukishasikia, fanya utakalo. Watu wote hufanya watakalo.

Wewe umekuja Huanta juzijuzi kuolewa, hukumjua Wilber Ccorahua kabla hajawa kichekesho cha mji. Alikuwa mpiga picha wa harusi, mazishi na sikukuu za watakatifu. Siku moja akajiuliza: watu wa hapa wanalipa kuwatazama Wachina wakipigana na Wazungu wakibusiana, kwa nini wasilipe kujitazama wenyewe? Akaanza kutengeneza filamu. Usidhani filamu ya magari kulipuka. Filamu ya Wilber ni shemeji, binamu, mwalimu mmoja mlevi na mbuzi wa kuazima. Damu ni maji ya bitiruti. Mshahara ni supu ya kichwa cha kondoo iliyopikwa na mkewe, Nélida, na anayelalamika hapewi ulimi.

Lakini kutengeneza si kazi. Kazi ni kuuza. Nani mwenye jumba la sinema anayeitaka filamu ya bitiruti? Basi Wilber mwenyewe ndiye aliyekodi ukumbi wa halmashauri, akapika gundi ya uji wa unga, akabandika mabango kila ukuta. Yeye ndiye aliyekodi gari lenye vipaza sauti na kupita sokoni akijisifu kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Yeye ndiye aliyetundika shuka jeupe na kuwasha projekta, huku Nélida amekaa mlangoni na tiketi mkono mmoja, bisi mkono wa pili. Wakimaliza hapa, vyombo vyote juu ya lori la viazi, twende mji mwingine. Na adui yao alikuwa mmoja: wezi wa nakala. Ukionyesha filamu Jumapili, kabla wiki haijaisha imeshamwagwa chini sokoni, juu ya turubai la bluu, na bei yake ni bei ya mkate. Nani atakuja ukumbini tena? Filamu zake mbili za kwanza zilikufa kifo hicho.

Ya tatu ilikuwa ya mlaaniwa.

Mlaaniwa unamjua, hata kama huko pwani kwenu mmejifanya kumsahau. Maiti ambaye Mungu amemkataa na ardhi imemtema. Anatembea milimani amevaa alichokivaa duniani, anamtafuta mtu wa kushika nafasi yake. Wengine humwita jini, wengine mzuka. Mbwa hawaulizi jina.

Wa kucheza mlaaniwa alipatikana bila kutafutwa: Edilberto, kaka yake Nélida. Hao wawili ni watoto wa marehemu dada yangu, nimewalea mimi, kwa hiyo usinifundishe habari zao. Edilberto alikuwa dereva wa bajaji. Mwili kama mlango wa kanisa, moyo kama wa kuku. Aliogopa mbwa. Mbwa wote wa Huanta walijua, wakawa wanaifukuza bajaji yake kila kona, naye anapiga honi na kuwatukana kwa majina ya wabunge. Abiria walimpenda kwa hilo tu. Alikuwa akiimba akimenya viazi. Nakwambia haya ili ujue kilichoibiwa.

Likapungua koti la kumvisha mlaaniwa.

Wakati huohuo akafa mzee Teófanes, mwizi wa maji. Hapa maji ya mfereji ni kwa zamu, unajua: zamu yako ikifika unaondoa bonge la udongo wenye majani, shamba linakunywa, ikiisha unaziba. Teófanes alizibua zamu za wajane maisha yake yote. Mmoja wao alikufa akilitaja jina lake, na mahindi yake makavu yanapigana nje kwenye upepo. Teófanes alikuwa na kikohozi chake: mara mbili, kikavu, halafu pua inapiga mluzi. Ukikisikia kule mferejini, ulijua leo bustani yako haitakunywa.

Wilber alipiga picha za mazishi. Siku ya tano ukoo ukateremka mtoni kufua nguo za marehemu, kama ilivyo desturi: jasho lake linachukuliwa na maji, naye anafuata jasho lake, aende zake. Wilber akaliona koti. La sufu, zito, la rangi ya kinyesi cha punda, limeganda mafuta ya kondoo na tope la miaka yote ya wizi. Akalishika mkono.

"Dada Eufemia, hili usilifue."

Eufemia alikuwa binti wa marehemu. Akamtazama kama mtu aliyelewa. "Una wazimu? Ni koti la baba."

"Ndiyo maana. Tazama uchafu huu! Hakuna fundi duniani anayeweza kuupaka. Niazime. Kazi yote ya mazishi nakupa zawadi, usinilipe kitu. Nikimaliza filamu nitalifua mwenyewe, na sabuni ya unga juu."

Eufemia akautazama mto, akalitazama koti. Mimi nilikuwepo, nadhani hata yeye hakupenda kuligusa. "Ulifue kweli, Wilber."

"Naapa kwa roho ya mama yangu."

Mama yake yu mzima mpaka leo, anakula nyama kwa meno yake. Kiapo hicho Mungu alikitia mfukoni tu.

Wakapiga picha, wakamaliza, Edilberto hajambo. Koti halikufuliwa, kwa sababu filamu ilikwisha lakini kuuza ndiyo kwanza kunaanza, na Wilber alitaka mlaaniwa apite sokoni kwa miguu yake.

Jumapili hiyo soko lilikuwa limefurika. Gari mbele, Wilber ndani yake na kipaza sauti: "Akina mama, akina baba, wachumba na mlioachika! Leo saa tisa mchana, ukumbi wa halmashauri! Mlaaniwa ametoka kaburini, amekuja kunywa supu Huanta!" Nyuma ya gari Edilberto, amevaa koti, anaburuta mnyororo, anawakimbiza wasichana wauza machungwa. Wale wasichana wanampiga maganda.

"Edi, kaoge!"

"Nikioga nani atanitambua?"

"Mchumba wako anatambua kwa harufu!"

Wakafika uchochoro wa wauza nyama, ambako mbwa ni wengi kuliko mifupa. Edilberto akakusanya mnyororo, tayari kukimbia. Mbwa hawakubweka. Wakalala chini mmoja baada ya mwingine, videvu kwenye tope, na yule mkubwa wa rangi ya kahawia akajikojolea palepale alipolala.

Edilberto akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, tazama! Leo wamejua mimi ni staa!"

Kisha akakohoa. Mara mbili, kikavu, na pua ikapiga mluzi.

Muuza vitunguu mmoja akafanya ishara ya msalaba, vitunguu vikamwagika. Nélida, aliyekuwa anagawa vikaratasi, akasimama. Na Wilber, kwenye kipaza sauti, kwa furaha: "Mnamsikia? Anakohoa huyo!"

Ukumbi ulijaa. Madirisha yaliwekwa mablanketi, mchana ukabaki nje. Edilberto alikaa mlangoni na dada yake, koti mapajani, anamlia bisi zake bila kulipa. Ndani muziki ukaanza, na mlaaniwa akatokea kwenye shuka. Hapo ikaja harufu. Sufu mbichi, mafuta yaliyoungua, tope la mfereji. Watu wakaanza kutazamana viatu. Nélida akageuka amwambie kaka yake maneno, akamwona ameacha kutafuna, mdomo umejaa bisi, macho yanatazama ukuta kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali. Akasimama, akavaa koti taratibu, kifungo baada ya kifungo, namna wazee wanavyovaa, akatoka.

"Edi? Unakwenda wapi? Edi!"

Hakugeuka. Nélida hakuweza kuacha mlango.

Sasa, mwisho wa filamu ile, sikiliza vizuri, maana wewe huna mwisho huo: mjane anamsamehe mlaaniwa, koti linachomwa, na mlaaniwa anageuka njiwa mweupe. Njiwa alikuwa wa kuazima, hakutaka kuruka, ilibidi Wilber amrushe. Watu hulia hapo, hata wanaume. Njiwa aliporuka, watu wakipiga makofi, Edilberto akarudi mlangoni, ameloa mpaka magotini, kucha zimejaa udongo.

"Nélida," akasema kwa sauti ndogo, "nilikuwa wapi?"

Jioni watu wa mfereji walikuja juu: nani amezibua zamu ya wajane na kupeleka maji shamba la Teófanes, shamba ambalo hata mbegu halina?

Nélida alimshika mumewe nyuma ya projekta, wanaongea kwa kunong'ona kama wezi.

"Lifue hilo koti. Leo."

"Kesho tuko Luricocha. Nikimaliza Luricocha."

"Wilber, yule hakuwa kaka yangu."

"Alikuwa amechoka. Umeona watu walivyolia? Umewaona?"

Wilber hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye filamu, na hilo ni baya zaidi.

Luricocha ikawa vilevile. Tambo vilevile. Filamu ikianza, Edilberto anasimama popote alipo. Njiwa akiruka, anarudi, na kila mara anarudi amechelewa kidogo, sauti yake imekauka kidogo. Wakati huo Wilber aliwaza kitu kimoja tu: wezi wa nakala wataifikia lini. Akapata akili. Ukisikia mtu maskini amepata akili, ficha watoto.

Alikwenda mwenyewe Huamanga kwa Bi Zenobia, mama wa wezi wote, aliyekaa nyuma ya turubai lake na miwani mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Akampa filamu kwa mkono wake. Safi, sauti nzuri, bure. Ila aliikata mwisho. Inafika pale mlaaniwa anapoinua mkono kugonga mlango wa mjane, halafu giza. "Watu wote wataiona nyumbani," alijiambia, "wataungua roho kutaka kujua mwisho, na mwisho uko ukumbini kwangu tu." Tangazo la bure! Wezi watamfanyia kazi! Hakumwambia mkewe. Alitaka kumshangaza.

Alimshangaza.

Siku chache baadaye, asubuhi, hakuna ukumbi, hakuna onyesho, projekta iko kabatini. Edilberto yuko jikoni kwangu anamenya viazi, anaimba. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Akaweka kisu chini. Akakohoa mara mbili. Koti lilikuwa limetundikwa kwa Nélida, mtaa wa pili. Akatoka bila viatu, akaenda moja kwa moja, akalivaa, akaelekea mferejini. Tukangoja arudi, kama alivyozoea kurudi, chai ikapoa, jua likahama ukuta, tukaenda kumtazama na tukamkuta amesimama ndani ya maji ya barafu mpaka mapajani, anang'oa udongo kwa mikono, anauweka, anang'oa, anauweka, na tulipomwita jina lake aligeuza uso, Yovana, uso wa mtoto niliyempangusa makamasi, ukatutazama kama unavyowatazama watu waliokuja kudai maji yao.

Tulimvuta kwa kamba. Wanaume kadhaa walisaidia, mmoja wao mpaka leo hapiti kwangu.

"Leo hatukuonyesha popote," Nélida akasema. "Wilber! Nani anaionyesha?"

Wilber alikuwa anafunga fundo la kamba. Fundo lile lilimchukua muda mrefu sana.

Tukamwita mganga, mzee Saturnino wa juu, mtu wa maneno machache na meno machache. Alitandaza majani ya koka, akayatazama, akatema mate. "Nani aliwaambia msilifue?" Akapeleka koti mtoni, akalifua kama lilivyotakiwa kufuliwa siku ile ya tano, huku akimimina pombe kali ya miwa na kumwita Teófanes kwa jina, akimwambia ondoka. Maji yalitoka meusi, halafu mekundu kama ya udongo, halafu meupe. Lilipokauka akalichoma. Majivu akayamwaga sakafuni chumbani alimolala Edilberto, akafunga mlango. Asubuhi tukatazama: nyayo za mtu mzee, mguu mmoja umepinda kama wa Teófanes, zinatoka kitandani kwenda mlangoni. Zinatoka. Hazirudi. Na Edilberto kitandani anauliza kama kuna mkate.

Nililia. Mara moja tu, na nilikuwa nakata kitunguu.

Wilber kwa furaha akatupeleka sote kula kuku wa kuchoma na chipsi, pale karibu na uwanja. Mkahawa umejaa, Jumapili, watoto wana mafuta mpaka masikioni. Edilberto ameshika paja la kuku, anatusimulia jinsi atakavyomlipa yule mbwa wa kahawia fidia ya aibu, na Nélida anacheka, anacheka mpaka anafuta macho kwa kitambaa cha karatasi. Juu ya friji ya soda kulikuwa na televisheni. Mimi nilikuwa nimeipa mgongo. Nikasikia muziki. Naujua muziki ule, aliupiga binamu wa Wilber kwa kinanda kibovu. Nikamtazama Edilberto, kwa sababu sikutaka kugeuka nyuma, nikaona paja la kuku linashuka polepole mpaka kwenye sahani, vidole vinapanguswa kimoja kimoja, macho yanakwenda mbali, mbali kuliko ukuta, na kutoka kwenye televisheni ile, nyuma yangu, kikatoka kikohozi ambacho hakikurekodiwa na mtu yeyote, kikavu, mara mbili, na mluzi wa pua. Na mezani kwetu, kwa mdomo wa mtoto wetu, kikajibiwa.

"Zimeni!" Nélida akapiga kelele. "Mwenye duka, zima hiyo!"

"Wateja wanatazama, mama."

"Nakwambia zima!"

"Kama hupendi, mlango ule pale."

Wilber akapanda juu ya kiti, akang'oa waya. Watu wakamtukana, mtu akamrushia chipsi. Na Edilberto, aliyekuwa ameshasimama na ameanza kutembea, akaganda katikati ya meza, mguu mmoja mbele, mkono umeinuliwa nusu, jicho halipepesi, kama picha iliyosimamishwa. Watoto wakadhani ni mchezo, mmoja akamvuta suruali. Hapo ndipo tulipojua. Ukiizima katikati, anabaki katikati. Alisimama hivyo mpaka meza zikaondolewa, na tulipombeba mkono ule haukushuka.

Palepale, mbele ya sahani, Wilber akamwambia mkewe alichokifanya. Nélida hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimuuliza tu, "Na mwisho? Uliwapa mwisho?"

"Niliukata."

Mzee Saturnino hakutaka kuja tena. Tulimfuata sisi. Alisikiliza amekaa kwenye jiwe, akasema, "Mimi nilifua koti. Koti likifuliwa maiti huenda. Nyinyi mna koti kila nyumba, chafu vilevile, linatembea kila siku. Picha utaifua mto gani?" Akaturudishia kuku tuliyempelekea kuwa malipo. Mganga akikurudishia kuku, Yovana, usiulize la pili.

Tukaenda kwa Bi Zenobia. Akavua miwani ya karibu, akavaa ya mbali.

"Kuzirudisha? Mama, ulishawahi kumrudishia mtu mafua aliyokuambukiza? Diski inazaa diski. Hizo ziko Cusco. Ziko Lima. Juzi mtu amebeba gunia kwenda msituni."

"Ni mtoto wangu," nikamwambia.

Akavua miwani ya mbali. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi mwenyewe nimeacha kuitazama. Inanuka." Lakini hakuitoa kwenye turubai. Ilikuwa inauzika.

Basi Wilber akatengeneza diski zenye ule mwisho tu. Mjane, moto, njiwa. Mpaka sasa anazunguka nazo mji kwa mji na kile kipaza sauti: "Mwisho bure! Mwisho wa mlaaniwa, bure!" Watu wanacheka. "Mwisho wa nini? Si alishakufa tangu mwanzo?" Wengine wanadhani ni mtego, ukichukua utadaiwa. Wengine wanachukua, unajua wanafanyia nini? Wanazitundika kwenye mahindi kutisha ndege. Zinametameta vizuri sana. Ukipita barabara ya Luricocha jua likitua utaona wokovu wa mtoto wangu unaning'inia shamba zima, na ndege wamekaa juu yake.

Nélida anakwenda naye. Hawazungumzi. Mke anagawa, mume anatangaza.

Edilberto yuko kwangu. Jumapili ni mbaya, sikukuu ni mbaya zaidi, na mvua ikinyesha watu wakajifungia ndani na televisheni, sitoki mlangoni. Mtu mmoja Lima anabonyeza kitufe, na mimi jikoni kwangu nafunga kamba. Mara nyingine mtu anaitazama mpaka pale inapokatika, na Edilberto anainua mkono kugonga mlango ambao haupo, anabaki hivyo, mpaka nimwekee mimi mwisho kwenye televisheni yangu ndogo, nimwoneshe njiwa, nimwambie, tazama, umesamehewa, shusha mkono. Anashusha. Sekunde hiyohiyo kuna mwingine Cusco anaanza upya. Mwezi uliopita aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mama yako mdogo, mpumbavu wewe. Akacheka kidogo, kile kicheko chake. Halafu akakohoa.

Haya. Nimekuletea hii, nimeifunga kwenye kitambaa isikwaruzike. Ni mwisho. Ni mfupi, viazi havijachemka umekwisha. Yako ikikatika, weka hii hapohapo. Usiseme kesho, usitangulie kwenda chooni. Na usiizime katikati, hata watoto wakilia, hata wewe ukilia. Kuna mahali mlaaniwa anapita nyuma ya kanisa, anasimama, anakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti chako, na midomo yake inacheza bila sauti. Picha hiyo haikupigwa. Wilber ameitazama filamu ile kuliko alivyomtazama mkewe, na anasema haikuwamo. Huyo si Teófanes. Macho yale nimeyatoa tongo mimi. Ukimwona, usipige kelele. Mwite jina lake, Edilberto, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje kula.

Unatazama saa. Nawasikia majirani zako uani, wanakanyaga kuku wako. Sikukatazi tena, nimekataza wengi, na wote walinipa chai. Nipe tu muda nifike kwangu. Kamba iko msumarini, na nimemwacha anamenya viazi, alikuwa amefika ubeti wa pili. Mlango wako unakwama chini, nimeuona wakati naingia. Nitauvuta kwa nguvu, maana sitaki kumsikia akikohoa humu ndani kabla sijavuka mfereji. Kaa, usinisindikize. Mlango naufunga mimi.